Sauti Isiyo na Kipaza Sauti

Mpiga piano alikuwa anatafuta mtu wa kumfungulia kurasa, mimi nasoma nota, basi nikajikuta nimekaa kushotoni kwake katika chumba cha mazoezi kisicho na dirisha. Opera, yaani mchezo wa kuigiza unaoimbwa, niliijua, ila kwa rekodi tu: sauti zilizokwisha kupimwa na fundi mitambo, unazipandisha na kuzishusha kwa kidole. Mwimbaji wa soprano, sauti ya juu ya kike, akaingia na chupa ya maji, akavua viatu, akasimama karibu kiasi kwamba ningenyoosha mkono ningemgusa.

Walikuwa kwenye tendo la tatu la opera La traviata. Violetta, mhusika mkuu, anakufa kwa kifua kikuu, barua iko mkononi. Hapo mtunzi, Verdi, hakumpa wimbo. Barua anaisoma kwa sauti ya kuongea tu, muziki ukipita chini kwa chini, kisha anapasua: "È tardi!" Wakati umepita! Mpiga piano alikuwa amekanyaga pedali, na nyuzi za piano zikaitikia zenyewe, hazijaguswa na mtu.

Ukafuata "Addio del passato", wimbo wa Violetta wa kuaga. Nilipaswa kuangalia nota, lakini macho yangu yalikuwa kwenye mbavu za mwimbaji. Zilitanuka kando kama mvukuto, zikakaa hapo hapo, pumzi ikitoka kidogo kidogo. Mgonjwa wa mapafu, na wa kumwigiza lazima awe na mapafu ya chuma! Noti ya mwisho iko juu, na Verdi aliagiza iwe nyembamba kama uzi. Kuimba huko juu kwa nguvu, wengi wanaweza. Kuipunguza huko huko bila kukatika ndiko kunakotoa jasho, na jasho nililiona likimtiririka shingoni.

Wakati wa mapumziko mpiga piano alinieleza kwa nini watu hawa hawahitaji kipaza sauti. Okestra hawaishindi kwa kelele. Sauti iliyofundishwa hukusanya nguvu nyingi kwenye mitetemo karibu 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imepungukiwa na sikio letu ni jepesi.

Opera hiyo ilipoonyeshwa mara ya kwanza, Venice mwaka 1853, watazamaji walimcheka Fanny Salvini-Donatelli, aliyeimba Violetta, kwa sababu ya unene wake: mgonjwa gani wa kifua kikuu ana mwili ule? Verdi alimwandikia rafiki kwamba onyesho limeanguka, akauliza kosa ni lake au la waimbaji. Mwaka uliofuata, katika mji ule ule, ilishangiliwa. Mimi nasema waliocheka walikuwa wanatazama mahali pasipostahili, na nahofia tunarudi kule kule. Tangu 2006 jumba la opera la Metropolitan Opera la New York hurusha maonyesho yake moja kwa moja kwenye kumbi za sinema, jambo jema kwa sisi tulio mbali, lakini kamera hupenda uso, na mitambo humsawazisha mwenye sauti kubwa na mwenye sauti ndogo.

Tuliporudi, mwongozaji alisema ubeti wa pili wa "Addio" ukatwe, kama wengi wanavyofanya. Dada yule akabisha, tena kwa ukali: mtu anayekufa haagi mara moja! Walivutana weee, na mwongozaji akashinda. Nikaombwa kibanio, nikabana kurasa za ubeti ule ili tuziruke, na mazoezi yakaendelea.