Mshahara ukute mwenzake: kumbukumbu ya mradi wangu, Januari hadi Agosti 2024

29 Januari

Mshahara umeingia leo Jumatatu saa nne asubuhi. Saa tisa alasiri nilikuwa nimebaki na hela ya nauli na unga, na hakuna hata kitu kimoja nilichonunua. Wa Desemba ulitoka mapema, tarehe 22, ili watu wale Krismasi vizuri. Tarehe 28 ya mwezi huu ikaangukia Jumapili, tukasogezwa hadi leo. Mshahara hadi mshahara, siku 38. Watu wanauita Njaanuari kwa utani, mimi utani wenyewe uliniishia kwenye siku ya 20.

Katikati ya siku hizo mwenye nyumba alikuja na daftari lake: kodi ya miezi sita, kwa mkupuo. Chumba masta hapa Ukonga, Dar es Salaam, ni 70,000, mara sita ni 420,000. Mimi ni karani wa stoo, mshahara 480,000. NSSF asilimia 10 inachukua 48,000. Katika 432,000 zinazobaki, 270,000 za mwanzo hazina kodi ya mapato, na zilizozidi hapo zinakatwa asilimia 8, yaani 12,960. Mkononi nabaki na 419,040. Kodi ya chumba imeuzidi mshahara kwa shilingi 960. Nilicheka peke yangu kule stoo mpaka dereva wa folklifti akaja kuuliza kuna nini.

Nikaomba advansi kazini. Hali ya madeni leo ni hii: advansi 210,000, itakatwa 70,000 kwa miezi mitatu kuanzia huu, mkopo wa simu 58,000, Mangi wa dukani 37,500, mwenzangu wa stoo 20,000. Jumla 325,500.

Mradi basi. Nimewahi kujiwekea malengo ya kufikisha milioni moja, yakafa yote kabla ya Pasaka. Safari hii sipimi hela, napima siku. Nikishalipwa, nitahesabu zinapita siku ngapi kabla sijakopa mara ya kwanza. Nimeipa jina, siku ya ukame. Kwa mshahara wa Desemba ilikuwa siku ya 11. Nataka ifike mwezi ambao mshahara utaingia na kumkuta mwenzake bado yumo ndani.

11 Februari

Ukame umefika jana, siku ya 13.

Wiki mbili hizi nimeandika kila shilingi. Kwa mwezi nakadiria hivi: nauli 600 kwenda na 600 kurudi, siku 26, 31,200. Chakula cha mchana kwa mama ntilie 65,000. Chakula cha nyumbani 80,000. Umeme 10,000, maji 6,000, gesi na mkaa 20,000, bando 15,000, kumtumia mama kule Korogwe 40,000, michango 30,000. Inakuja 297,200. Advansi ikikatwa nabaki na 349,040, kwa hiyo kwa hesabu za daftari nina ziada ya 51,840. Sasa mtu mwenye ziada anakopa kwa nini siku ya 13?

Jumapili yote nimeshinda nasoma meseji za simu kuanzia Desemba. Ule mkopo wa simu unaokuja wenyewe ukiishiwa salio ndio uliokuwa unanila. Nakopa 20,000, nikiweka hela inakatwa kwanza pamoja na ada, nabaki mfukoni mtupu, nakopa tena kesho yake. Ada peke yake kwa mwezi mmoja: 9,400. Hiyo ni karibu nauli ya siku nane.

Jambo la pili ni vipimo. Nikiwa na hela kidogo nanunua kidogo kidogo: mafuta ya 500, sukari robo, mkaa wa 1,000. Mafuta ya 500 kila siku ni 15,000 kwa mwezi. Nimemuuliza Mangi lita mbili, akasema 11,000, na lita mbili zinanitosha mwezi na siku za juu. Mwenye hela ananunua kwa bei nafuu kuliko mimi, kwenye duka lile lile. (Sukari ndiyo tusiiseme. Imefika 4,500 kwa kilo, na kuna siku haipo kabisa. Nakunywa chai kavu, nimeshaizoea.)

29 Februari

Nimelipwa jana. Kabla ya yote nimemlipa Mangi nusu na mkopo wa simu wote, kisha nimeingia huduma kwa wateja na kuomba wauzime. Yule kijana aliniuliza mara mbili kama nina uhakika.

Tumeanza mchezo kazini, watu wanane, 30,000 kila mwisho wa mwezi, anayepokea anaondoka na 240,000. Kijumbe wetu ni dada wa mapokezi, mtu ambaye huwezi kumkwepa kwa sababu yuko mlangoni. Kila mtu alitaka namba moja au mbili. Mimi nikaomba namba tano, wakaniona nina matatizo. Lakini mchezo ukiutazama vizuri, wa kwanza anachukua mkopo usio na riba, na wa mwisho anaweka akiba isiyo na faida. Namba tano kwangu inaangukia mwisho wa Juni, na kodi inaisha Juni. 240,000 za mchezo, na 180,000 nizitafute mwenyewe kwa miezi mitano, 36,000 kila mwezi. Ndiyo 420,000.

14 Machi

Kibubu kimekufa. Nilikichongesha kwa fundi seremala 3,000, nikawa natia 500, 1,000, na 5,000 siku za Jumamosi. Leo mvua imenyesha toka mchana, nimefika nyumbani nimelowa, sina hamu ya kupika, na chipsi mayai wanauzwa hatua ishirini kutoka mlangoni. Nikachukua kisu. Zilikuwemo 23,500. Nilianza na 3,000 tu za chipsi, ila kibubu kikishafunguka hakuna anayekifunga tena.

16 Machi

Nimekwenda kwa dada Tabata. Njiani nilikuwa nimepanga kumwomba anitunzie hela, nikakumbuka naye ana watoto watatu na ada ya shule, hela yangu ingekuwa mtihani kwake pia. Tukapata njia nyingine. Nina laini ya pili iliyosajiliwa kwa jina langu, sikuwa naitumia. Laini nimemwachia yeye, iko kwenye kopo la vifungo juu ya kabati. Namba ya siri ninayo mimi, yeye haijui. Mwisho wa mwezi nitakuwa natuma 36,000 kwenye ile laini mara moja, nikatwe makato ya kutuma mara moja. Yeye peke yake hatoi, mimi peke yangu sitoi.

"Na ukija kuitaka laini utaniambia ya nini," akasema.

"Dada, si hela yangu?"

"Hela yako, kopo langu, mdogo wangu."

20 Aprili

Ukame wa mwezi uliopita siku ya 17. Mwezi huu siku ya 22. Advansi imeisha, Mangi nimemaliza, mwenzangu wa stoo nimemaliza. Dukani sasa nalipa taslimu, na Mangi ameanza kuniuliza kama nimepandishwa cheo.

Nilikwenda Tabata mara moja, tarehe 6, kutaka laini. Dada akauliza: mgonjwa nani? Nikasema hakuna mgonjwa, nimeona viatu Karume. Akaangalia viatu nilivyovaa, akanipa ubwabwa nikala, nikarudi Ukonga bila laini. Njia nzima nilikuwa nimekasirika.

Umeme. Mita ni moja, wapangaji wanne. Nyumba yetu inapita uniti 75 za bei ya chini, kwa hiyo tunanunua kwa bei ya kawaida, 10,000 inakupa uniti 28. Lakini vita haiko hapo. Kila mwezi mpya, atakayenunua wa kwanza anakatwa 1,500 ya kodi ya jengo kwenye LUKU. Basi kila tarehe 1 usiku nyumba nzima giza, kila mtu amejifungia chumbani anasubiri mwenzake aumie. Tumekaa kikao uani, tumekubaliana zamu, na mwenye nyumba amekubali tumkatie kwenye kodi. Kikao kilichukua dakika kumi. Giza tulikaa nalo mwaka mzima.

26 Mei

Mshahara wa Aprili ulitoka tarehe 25, kwa sababu 26 ni Muungano. Ofisi nzima walishangilia. Mimi nilifungua kalenda: hadi 28 Mei ni siku 33. Kuwahishiwa mshahara hakukuongezei shilingi hata moja, kunakuongezea siku za kuila. Nimezigawa hela za chakula kwa wiki tano badala ya nne, na bado ukame ulinikuta siku ya 24.

Aliyeniangusha si tumbo, ni michango, na hii naiandika kwa urefu maana ndipo wengi wetu tunapopasukia. Mei peke yake nimeingizwa kwenye magrupu matatu ya harusi. Hakuna anayekuuliza, unaamka asubuhi umo ndani, mhazini keshaweka orodha, jina lako lipo na nafasi iliyo wazi mbele yake. Kadi ya single, mtu mmoja, 50,000, dabo, watu wawili, 100,000. Nafasi wazi ile inasomwa na watu 140.

Ya binamu yangu nimeahidi 50,000, na nimelipa kwa awamu nne. Kamati zinaanza miezi kabla, ukiwahi unapumua. Ya mwenzetu wa idara ya mauzo nilimpigia mhazini, nikamwambia kaka, nina 20,000, kadi sihitaji, namtakia heri. Akasema asante, akaandika. Miezi yote nilikuwa naogopa simu ya dakika moja. Ya tatu ni ya mtu ambaye sikumbuki tulikutana wapi. Niliondoka kwenye grupu usiku wa manane.

Misiba sijaigusa. Rambirambi natoa palepale, 5,000 au nilicho nacho. Hapo sina hesabu.

Mama naye nilimpigia. Zamani nilikuwa natuma kila anapokwama, mara 10,000, mara 15,000, na kila mara makato. Shikamoo mama, marahaba mwanangu, halafu nikamweleza kwamba nitatuma 40,000 tarehe 29 kila mwezi, yote kwa pamoja. Akanyamaza kidogo. "Kumbe na mimi nina mshahara," akasema. Tangu hapo hajanipigia kuhusu hela, ananipigia kuhusu mbuzi.

29 Juni

Jana nimepokea mchezo wangu, 240,000, nimezihesabu chooni. Haikuwa bila presha: aliyepokea mwezi wa pili alianza kuchelewesha zake, kijumbe akawa anaziba kwa mfuko wake huku akimdai asubuhi na jioni pale mlangoni. Amelipa.

Leo asubuhi dada amenipa laini bila maswali, amenisindikiza mwenyewe hadi kwa wakala. Zilikuwemo 131,000, pungufu ya 180,000 kwa 49,000, ambazo nimezichomoa kwenye mshahara wa Juni. Saa sita mchana mwenye nyumba alikuwa na 420,000 zake na mimi nina risiti. Sijakopa popote.

Ila nisijidanganye. Bado nadaiwa miezi mitatu ya mchezo, 90,000. Hela niliyoila leo nyingine sijaitolea jasho.

21 Julai

Siku ya ukame 19, nimerudi nyuma. Zile 49,000 zilikuwa za chakula. Kwa bahati nimekopa kwa mtu na si kwenye simu, 15,000.

Hotipoti inaendelea. Nabeba wali maharage toka nyumbani, nakadiria inaniokolea 35,000 kwa mwezi. Ijumaa ndiyo siku ya kwenda kwa mama ntilie na wenzangu kula pilau. Nilipoacha kabisa, mwezi wa nne, niligundua kwamba habari zote za ofisini zinapatikana kwenye lile benchi, hata ya nani anahamishwa.

28 Agosti

Mshahara wa Julai uliingia tarehe 29, siku 30 zilizopita. Sijakopa. Kwa dada kuna 112,000. Saa mbili asubuhi, kabla meseji ya benki haijaingia, nilifungua simu nikatazama salio: 61,300. Nikapiga picha ya skrini kama mtu aliyeona mwezi wa Idd.

Mchezo umebaki mwezi mmoja. Dada wa mapokezi ananishawishi nikimaliza nihamishie hela UTT, kampuni ya uwekezaji wa pamoja, kwenye Mfuko wa Ukwasi, kianzio 100,000. Kodi inarudi mwisho wa Desemba, na Desemba mshahara utawahi tena. Nimeshaihesabu Januari.

Jana jioni mwenzangu wa stoo, yule yule niliyemaliza deni lake mwezi wa nne, alinitumia meseji: "Kaka una ishirini hapo mpaka kesho?" Nilikuwa nayo. Nimemtumia, kisha nikakaa na daftari nikitafuta pa kuandika, kwa sababu lina safu ya wanaonidai tu. Nimechora mstari mpya kwa kalamu nyekundu, pembeni, pamebana kidogo.