Siku Moja Maishani Mwangu: Zamu ya Mchana Kwenye Makao ya Wazee

Saa 12:40 asubuhi

Zamu inaanza saa 1:00 kamili, lakini mimi hufika mapema kwa ajili ya ripoti ya usiku. Ukiikosa ripoti unaingia vyumbani kama kipofu. Jana mwenzangu wa usiku alikuwa hoi, anasoma daftari harakaharaka: huyu kalala vizuri, yule kagoma dawa, wa chumba cha pili hana homa. Kisha akasema, "Bibi wa chumba cha kona kahangaika usiku kucha, anaita watu wasiokuwepo. Si unajua ugonjwa wake wa kusahau."

Sikuridhika. Nilikuwa natoka mapumzikoni, na nilipomwacha bibi huyo alikuwa bado ananiuliza hali ya wanangu mmoja mmoja, kwa majina. Ugonjwa wa kusahau kwa kawaida huenda polepole, kwa miezi na miaka. Haumgeuzi mtu kwa siku chache.

Halafu habari nyingine: mmoja wetu anaumwa na hajapatikana wa kushika nafasi yake. Tulitakiwa kuwa wahudumu 4, tukawa 3. Wakaazi wangu 9 wakawa 12.

Saa 1:10 asubuhi

Nilianza na mzee aliyekuwa fundi cherehani kabla kiharusi hakijamlegeza upande wa kulia.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Leo nataka shati la mistari."

Kumvisha mtu aliyepooza upande mmoja kuna utaratibu wake. Mkono uliolegea ndio unaotangulia kuingia kwenye nguo, na wakati wa kuvua ndio unaotoka mwisho. Ukienda kinyume unalivuta bega ambalo misuli yake haina tena nguvu ya kulishikilia, na bega la namna hiyo likishaumia, maumivu yake hayaishi leo wala kesho. Nilipokwisha kuingiza mikono yote miwili nikakaa pembeni ya kitanda, nikangoja. Vifungo ni kazi yake.

Anakishika kifungo kwa kidole gumba na cha shahada vya mkono wa kushoto, anakigeuza kikae kiubavu, anakisukuma tunduni hadi nusu, anakiachia, kisha anakwenda kukipokea upande wa pili. Kimoja kinaweza kumla dakika nzima, na kwenye shati lile vilikuwa 7. Koridoni kengele mbili zilikuwa zinalia. Mimi ningevifunga vyote upesi nikaondoka, na kesho ningefanya hivyo tena, na baada ya muda vidole vile visingekumbuka njia. Nilimngojea mpaka cha mwisho. Alipomaliza akalinyoosha shati kifuani kwa kiganja, akaangalia kama mistari imekaa sawa, na mimi nikakimbilia kengele.

Watu hudhani ugumu wa kazi hii ni kinyesi na mikojo. Hivyo unavizoea, glovu zipo, maji na sabuni vipo. Kinachoniumiza ni kuwakimbiza watu ambao miili yao imekataa kukimbizwa, kwa sababu tu sisi ni wachache.

Saa 2:15 asubuhi

Kifungua kinywa. Wanaokula wenyewe nawaandalia na kuwaacha. Mama mmoja humeza kwa shida, kwa hiyo kwake nakaa chini, macho yetu yawe usawa mmoja. Mgongo wake wima kabisa, kidevu kimeinama kidogo, nusu kijiko kwa wakati mmoja. Kisha nalitazama koo: lipande, lishuke. Lisiposhuka, kijiko kinachofuata hakiendi. Chakula kikipotea njia kikaingia kwenye mapafu kinaweza kuleta nimonia, na kwa mtu wa umri wake nimonia inaua. Hata baada ya kumaliza simlazi kwa angalau dakika 30.

Kumlisha yeye peke yake kulichukua karibu nusu saa. Siku tukiwa pungufu, hapo ndipo mtu hushawishika kuongeza ukubwa wa kijiko. Nimewahi kuwaambia vijana wanaojifunza kazi: punguzeni kitu kingine chochote, lakini si hapo.

Saa 3:20 asubuhi

Kuogesha walio kitandani ndio wakati wangu wa kukagua ngozi. Naanzia visiginoni, kisha nyonga, kitokono, viwiko, hata nyuma ya masikio ya anayetumia mrija wa oksijeni. Mahali pekundu napabonyeza kwa kidole. Wekundu ukipotea na kurudi, damu bado inapita. Usipopotea, madhara yameanza, na kidonda cha kulalia kinaweza kuwa kinatengenezwa chini kabla ngozi ya juu haijapasuka. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo natumia mkono: nahisi joto, ugumu, au ulaini usio wa kawaida ukilinganisha na ngozi ya jirani. Na hapo pekundu hatupasugui, hata kama mkaazi mwenyewe anaomba akandwe. Kusugua kunazidisha.

Tunawageuza wasioweza kujigeuza, wengi wao kila baada ya saa 2, na mto unawekwa chini ya mguu ili kisigino kielee kisiguse godoro. Kuna baba mmoja ambaye yuko kitandani muda mrefu na ngozi yake haina hata alama. Hakuna mgeni atakayeingia chumbani kwake akaliona hilo. Mimi naliona kila asubuhi, na nafurahi kila asubuhi.

Saa 4:30 asubuhi

Nilimwachia bibi wa kona muda wa peke yake. Alikuwa ameshika kijiko kama asiyejua ni cha nini. Alisinzia nikiongea naye, akashtuka, akamwita dada yake aliyekwisha fariki. Nilipomgusa tumbo ili kumfunga vizuri kanga yake alikunja uso, akausukuma mkono wangu.

Nikaenda kwenye daftari la choo. Tunaandika kila mkaazi amepata choo lini na cha namna gani, kazi ambayo hakuna anayeisifia. Kwa bibi kulikuwa na siku 4 zilizo tupu. Nikafungua karatasi ya dawa: wiki iliyotangulia alikuwa ameanzishiwa dawa kali ya maumivu ya nyonga, na dawa za jamii hiyo hufunga choo. Chati ya vinywaji nayo ilionyesha kwamba amekuwa akinywa kidogo sana.

Nikamfuata muuguzi. Sikumwambia "bibi hayuko sawa", kwa sababu maneno hayo ni rahisi kuyapuuza. Nilimpa daftari mkononi, nikamweleza alivyokuwa kabla na alivyo sasa, na nilipomgusa tumbo kilitokea nini. Kuchanganyikiwa kwa ghafla kwa mzee kuna sababu nyingi, kuanzia maambukizi na upungufu wa maji hadi dawa mpya, mkojo kuziba, au choo kufunga. Muuguzi akampima, akampigia daktari, na kabla ya mchana bibi akapewa dawa ya kumfungua. Nilimsafisha mara mbili. Mwanzoni alilia kwa maumivu. Baadaye akalala usingizi wa kweli.

Mimi sitibu mtu. Lakini ninamjua, na asiyemjua asingeona kwamba kuna kilichobadilika.

Saa 6:10 mchana

Hii ndiyo sehemu ya siku ambayo bado inanikera ninapoandika.

Mama mmoja asiyeweza kusimama alibonyeza kengele, alitaka kupelekwa chooni. Yeye hunyanyuliwa kwa mashine, na mashine ile ni ya watu wawili: mmoja anaiendesha, mwingine anamshika na kumwongoza asiyumbe. Wenzangu wote wawili walikuwa kwa mzee aliyeteleza bafuni. Kumnyanyua peke yangu ni kumhatarisha yeye na mgongo wangu, nami nimeshuhudia wahudumu wazuri wakiiacha kazi hii kwa sababu ya mgongo. Nikamwambia ukweli, "Mama, tuko wachache, namngojea mwenzangu. Sijakusahau." Nikatafuta chombo cha kujisaidia kitandani, lakini nyonga zake hazikivumilii, akakataa.

Akajizuia, akashindwa. Akageuzia uso ukutani, na alipoongea alisema, "Nisamehe, mwanangu."

Yeye ndiye aliyeomba msamaha! Mwanamke aliyelea watoto, aliyejua vizuri anahitaji nini na akasema kwa wakati. Nilimwambia hana kosa lolote, na kwamba tuliochelewa ni sisi. Tulimbadilisha taratibu, mlango umefungwa, taulo limefunika sehemu zisizohitaji kuwa wazi. Hakuongea tena hadi tulipomaliza.

Saa 8:00 mchana

Nilikula nimesimama.

Saa 8:45 mchana

Binti wa bibi wa kona alifika, kwa kuwa muuguzi alimpigia. Alinikuta koridoni, akaniuliza kwa hasira, "Siku 4, na hakuna aliyeona?"

Ningeweza kumwelekeza kwa muuguzi. Nilimjibu, "Dada, una haki ya kuuliza. Ilipaswa kuonekana mapema zaidi." Nikamweleza nilichokikuta na kilichofanyika. Hasira ikapoa, kikabaki kilichokuwa chini yake: ananiona mimi namjua mama yake kwa mambo ambayo yeye zamani ndiye aliyeyajua. Wana wengi hubeba hilo kimyakimya. Nilimwomba kitu kimoja tu, asiingie na kumuuliza mama yake "unanijua?", maana huo ni mtihani na akiufeli wote wawili wanaumia. Aingie na jina lake, aseme ni kitinda mimba wake, amshike mkono.

Saa 10:30 jioni

Jua likianza kuinama, baadhi ya wenye ugonjwa wa kusahau huanza kutotulia. Mwalimu mstaafu hukusanya nguo zake kwenye mfuko wa mto, akidai wanafunzi wanamngoja. Ukimwambia amestaafu zamani, anapigana nawe. Mimi humuuliza leo anafundisha somo gani, tunatembea wote koridoni hadi mwisho na kurudi, naye hunifundisha. Jana ilikuwa hesabu za sehemu, na alizieleza vizuri kuliko nilivyowahi kuelezwa shuleni.

Baadaye, nikimbadilisha nguo, alinipiga kofi la mkono. Liliuma. Lakini alichokiona yeye ni mtu asiyemfahamu anamvua suruali. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikangoja, nikajitambulisha upya, nikaanza na soksi.

Saa 12:50 jioni

Nikatoa ripoti kwa wa usiku. Bibi wa kona: amepata choo, amekunywa vizuri, saa 12 jioni aliuliza miwani yake iko wapi. Akili bado inakwenda na kurudi, na inaweza kuchukua siku kadhaa kutulia. Apewe kinywaji kila akiamka, na choo kiandikwe kila zamu bila kuruka.

Kisha nikajaza fomu ya tukio kwa ajili ya yule mama wa mchana. Wengine huiona kuwa usumbufu, kwa sababu hakuna aliyeanguka wala kuvunjika. Nikaandika: kengele ililia saa 6:10, tulimfikia saa 6:32, mkaazi alijikojolea akisubiri. Kwenye nafasi ya sababu nikaandika wahudumu 3 badala ya 4. Nikaipeleka kwa msimamizi wa zamu, akaisoma mbele yangu, akasaini.