Taa ya bluu ya Passo yangu

Wenye Toyota Passo mnaijua ile dashibodi, haina mshale wa joto kabisa. Kuna taa ya bluu inawaka injini ikiwa ya baridi, ikipata moto inazima, alafu kuna nyekundu ambayo ukiiona ujue gari inachemsha na siku yako ndo imeisha hivo. Sasa mi miaka miwili niliyokaa na hii gari (ya 2005, cc 996, silinda 3, nilichukua mkononi kwa mtu hapahapa Dar) nilikuwa naogopa nyekundu tu, ile ya bluu nilikuwa naiona kama pambo.

Juni tukawa tunaenda Makambako kwenye harusi. Kwenye mlima wa Kitonga nikakutana na lori linapanda kama mzee na mkongojo, huwezi kulipita, AC iko juu, ndani tupo wanne na mabegi, mara nyekundu hiyo. Na Kitonga pa kusimama unapajua mwenyewe. Nikazima AC, nikafungua hita mpaka mwisho na feni yake yote, vioo chini, maana hita nayo ni karejeta kadogo (rejeta ndo inayopooza maji ya injini), inaiba joto la injini inawaletea nyie. Shangazi huko nyuma analalamika, "We mwanangu unatupika?" Lakini taa ikazima, tukajivuta hivohivo mpaka Ilula.

Pale tukakaa kama dakika 45, shangazi akapata vitunguu vyake, mi nikasubiri rejeta ipoe mpaka naweza kuishika kwa mkono ndo nikafungua mfuniko (usije ukafungua ya moto, yale maji yanaruka na uso wako). Ndani nikakuta chai ya rangi. Yani kabisa, maji ya kahawia na chenga za kutu, kulanti (ile dawa ya rangi inayochanganywa na maji ya rejeta) hata harufu hakuna. Nikajazia maji ya kunywa, safari.

Sasa kichekesho, tumeshaipita Iringa, kilomita zaidi ya 100 tangu Ilula, karibu na Mafinga kibaridi kimekolea, nikiachia mafuta kwenye mteremko taa ya bluu inawaka! Gari iliyochemsha asubuhi saivi inasema ina baridi.

Makambako nikamweleza fundi mmoja, akacheka kabla sijamaliza. "Kaka, hapa themostati hamna." Akafungua, kweli, hamna (ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta injini ikiwa ya baridi). Mwenye gari wa kwanza alikuwa anajazia maji ya kisima, haya yetu ya Dar ya chumvi, yakaacha ukoko kwenye vile vijibomba vya rejeta mpaka vikaziba nusu, gari ikaanza kuchemsha, fundi wake akaona dawa ni kung'oa themostati ili maji yazunguke muda wote. Kwenye foleni za mjini ikasaidia. Ukipanda mlima rejeta iliyoziba inazidiwa, ukiwa kwenye baridi injini haipati joto lake, inakunywa mafuta bure. Ukiambiwa "Afrika kuna joto, themostati ya nini" kimbia na gari yako, ile kitu kazi yake ni kubaki imefunga mpaka maji yafike kama nyuzi 80 na kidogo, basi.

Na mfuniko nao ulikuwa umekufa raba. Watu wanaudharau ila ndo unaoshika presha, na maji yenye presha hayachemki kwa nyuzi 100, yanaenda juu zaidi. Iringa iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, maji ya wazi kule yanachemka kama nyuzi 95 tu, kwa hiyo mfuniko mbovu unakuumbua kule juu wakati Dar hukuona kitu.

Niliporudi nikabadili rejeta, themostati, mfuniko, nikaanza habari ya kulanti. Dukani ni ugomvi wa rangi, kijani, nyekundu, pinki, kila muuzaji na dini yake. Rangi ni rangi tu, kiwanda kinaweka inayotaka. Soma kopo: Toyota wanataka iliyotengenezwa kwa ethilini glaiko na isiyo na silikati. Kama haina maandishi yoyote ya maana, chukua tone usugue kwa vidole, glaiko inateleza kidogo, maji yaliyotiwa rangi ni maji tu. Usionje! Ni tamu na ni sumu, kopo likiwa wazi watoto na paka weka mbali.

Alafu kosa ambalo nusura nilifanye, nimesuuza kwa maji mpaka yakatoka meupe, nikawa nataka kumwaga kulanti iliyokwisha kuchanganywa nusu kwa nusu. Kumbe ukifungua koki ya chini ya rejeta injini yenyewe inabaki na maji mengi ndani, kwa hiyo ukitia iliyochanganywa unaishia na kulanti robo tu. Passo inachukua karibu lita 4, nikatia lita 2 za kulanti nzito (isiyochanganywa) kwanza, iliyobaki nikajazia maji ya betri (yale meupe, siyo asidi jamani). Pua ya gari juu kidogo kwenye mwinuko, hita imefunguliwa, mfuniko wazi, injini inanguruma, unabinyabinya hozipaipu ya juu mapovu yanatoka blup blup mpaka feni iwake na kuzima mara mbili. Haraka hapa hamna, hewa ikibaki itachemsha tena utalaumu kulanti.

Ile ya pinki ya Toyota inakaa miaka mingi lakini mi na gari hii nitamwaga kila baada ya miaka 2, bado naona vumbi la kahawia kwenye chupa ya akiba.

Saivi nikitoka Tabata asubuhi bluu inazima kabla sijafika Buguruni. Ila juzi nimeona kwenye wota pampu (inayozungusha maji ya injini) kuna ukoko wa pinki, kama punje ya mchele hivi, umejitokeza kwenye kile kitundu cha chini, pampu ikianza kuvuja inajionyesha hapo. Jumamosi naangalia tena kama umekua.