Kamshafti 264 zinatosha

Mdogo wangu alitaka tufunge kamshafti (mihimili inayofungua valvu za injini) za digrii 288 kwenye Corolla yetu ya zamani, ile ya injini ya 4A-GE na usukani wa kulia. Mimi nikachagua za 264. "Yaya, kama ni kubadilisha, tubadilishe kweli," aliniambia, akaninunia. Kwake yeye namba kubwa ndiyo nguvu.

Namba hiyo ni muda tu: krenki, mhimili unaozungushwa na pistoni, inazunguka kiasi gani valvu ikiwa wazi. Za kiwandani ni 240. Ukiongeza, valvu ya kuingizia hewa inachelewa kufunga, na pistoni imeshaanza kupanda. Injini ikiwa mbioni hilo ni faida, kwa sababu hewa ina kasi na inaendelea kujisukuma ndani. Ikiwa polepole, pistoni inairudisha hewa ileile kwenye manifoldi, mabomba yaliyoileta. Ndiyo maana magari yenye kamshafti kali yanakohoa yakisimama, na kuyaondoa ni kuomba Mungu.

Sasa mimi naendesha wapi? Mitaa ya Lubumbashi, Kamalondo, Kenya, Katuba, gia ya pili mchana kutwa nyuma ya mabasi. Barabara ndefu ya kwenda mji wa Likasi naipata mara mojamoja. Tena Lubumbashi iko juu, mita 1,200 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 10 na zaidi. Hicho kidogo tulichopewa nikiteme tena?

Toyota wenyewe walihangaika na jambo hili. 4A-GE za kwanza, za 1983, zilikuwa na matundu mapana ya hewa, mapana mno kwa mwendo wa mjini. Wakaweka T-VIS: vipepeo vinavyoziba njia moja kati ya mbili za kila silinda mpaka injini ipite mizunguko 4,000 na kitu kwa dakika. Mwaka 1989 wakaleta kichwa cha injini chenye matundu membamba, T-VIS wakaitoa, kompresheni, yaani kiasi cha kubana hewa, wakaipandisha hadi 10.3 kwa 1, na nguvu ikaongezeka. Nilipomweleza, mdogo wangu akasema Wajapani walikuwa wanaogopa wateja wao.

Kufunga hakukuwa na shida. Tulitoa plagi, tukazungusha krenki kwa spana mizunguko miwili kamili, polepole, mkono ukisikiliza kama kuna chuma kinachogusa chuma. Kilichotukalisha ni upenyo wa valvu, ile nafasi ndogo kati yake na kamshafti. Upande wa hewa unatakiwa uwe kati ya milimita 0.15 na 0.25, lakini valvu moja ya silinda ya tatu fila, kibati cha kupimia, ya 0.10 ilipita kwa shida. Ilihitaji kisahani chembamba zaidi cha kurekebisha nafasi hiyo, na madukani hakipo. Mzee wa garaje akavuta kopo la maziwa lililojaa visahani vya injini zilizokufa, namba zake zimefutika zote. "Tafuta humu, mwanangu." Alivipima kimoja kimoja kwa maikromita, akivipangusa kwenye suruali, mpaka kikapatikana.

Filta ya wazi, ile ya koni ambayo vijana wanaipenda kwa mlio, niliikataa. Chini ya boneti inavuta hewa iliyopikwa na rejeta, na kiangazi hiki malori ya madini yanatupa vumbi jekundu la kutosha kusaga silinda. Nimebaki na sanduku la kiwandani, nikaliongezea bomba linalovuta hewa ya baridi nyuma ya taa ya mbele, viungo vyote nimeviziba kwa mpira. Mlio hakuna. Hilo nalo nililaumiwa.

Gari sasa linaondoka vilevile kama zamani, na kuanzia mizunguko 4,500 linavuta kwa hamu ambayo halikuwa nayo. Likisimama linatetemeka kidogo, hasa asubuhi za baridi. Plagi nilizotoa juzi zina rangi nzuri ya kahawia, isipokuwa ya silinda ya kwanza, ambayo ni nyeusi. Naishuku injekta yake, ile inayonyunyiza mafuta. Wiki ijayo naifungua.