Ninavyowalisha kuku wazazi ili mayai yatotoleke

Chakula cha kuku wa mayai kinachouzwa madukani kimepangwa kwa ajili ya yai la kuliwa. Gamba likiwa gumu na kiini kikiwa kizuri, kimetimiza kazi yake. Yai la kutotolesha ni jambo jingine. Kifaranga atakaa ndani siku 21, na vitamini na madini yote atakayohitaji sharti mama yake awe ameshayaweka humo. Ndiyo sababu kuku wangu wazazi, machotara wa kienyeji hapa Dodoma, nawachanganyia chakula chao mwenyewe.

Kwa kilo 100 naweka mahindi yaliyoparazwa kilo 44, pumba za mahindi kilo 18.5, mashudu ya alizeti kilo 16, soya iliyokaangwa na kusagwa kilo 9, dagaa kilo 5, chokaa ya mifugo kilo 4.5, DCP (unga wa kalsiamu na fosforasi) kilo 2, premiksi (mchanganyiko wa vitamini na madini) nusu kilo, chumvi gramu 300, na asidi mbili za amino: methionini gramu 100 na laisini gramu 100. Protini inafika kati ya asilimia 15 na 16, na kalsiamu ni asilimia 2 na nusu hivi. Kalsiamu inayobaki nawapa kando, nitaeleza kwa nini.

Soya lazima ipite motoni. Ikiwa mbichi ina kizuizi kinachomzuia kuku kumeng'enya protini, na hata ukiongeza kiasi hutaona faida. Dagaa nao wana mtego wao, yaani mchanga. Kabla ya kununua gunia natia konzi moja ya dagaa waliosagwa kwenye glasi ya maji, nakoroga, nasubiri. Mchanga unatua chini na unauona kwa macho. Ukiwa mwingi, ujue protini unayoilipia haipo. Wakiwa dagaa wa chumvi, ile chumvi ya mchanganyiko naiacha kabisa. Chokaa iwe ile ya mawe yaliyosagwa kwa ajili ya mifugo. Chokaa ya kupakia kuta inaunguza koo na matumbo ya kuku, isikaribie banda.

Mashudu ya pamba siyaweki hata yakiwa bei ya kutupa, na wafugaji wa upande wa Shinyanga na Simiyu, wanaoyapata kwa urahisi, nawasihi wayaepuke kwa kuku wazazi. Yana sumu iitwayo gosipoli, ambayo hugeuza kiini kuwa cha kijani au kahawia na kudhoofisha mbegu za jogoo. Mafuta yake pia yana asidi zinazofanya ute uwe wa waridi yai likihifadhiwa, na viinitete, yaani vifaranga wanaoanza kujijenga ndani ya yai, hufa. Alizeti haina shida hiyo, nayo huku kwetu na Singida ni tele.

Mahindi yetu mengi ni meupe. Miongozo mingi ya nje imeandikwa kwa mahindi ya njano, ambayo yenyewe humpa kuku sehemu ya vitamini A. Meupe hayampi kitu upande huo. Kwa hiyo majani mabichi kwangu ni sehemu ya chakula chenyewe, siyo kitu cha kuwachangamsha tu: mlonge, matembele na mchicha, yakiwa yamefungwa mafungu na kuning'inizwa, gramu 20 hadi 30 kwa kila kuku kwa siku. Mchicha nauweka kidogo kuliko mengine kwa kuwa oksaleti yake hushika kalsiamu. Kiangazi majani yakiadimika nachipusha mahindi kwa siku 4 au 5. Mtama, ingawa ndio unaostahimili huku, siuchipushi, maana chipukizi lake lina sumu ya sayanidi.

Mahindi yenyewe nayapima ukavu kabla ya kuyahifadhi. Chukua chupa kavu, tia mahindi na chumvi kavu kidogo, tikisa dakika chache. Chumvi ikiganda ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji mengi na yataota ukungu. Mwaka 2016 watu walikufa mikoa ya Dodoma na Manyara kwa sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, kwa hiyo huku hakuna asiyejua kwamba ukungu unaua. Wengi wanasahau kwamba yale mahindi yanayotengwa kwa kuwa hayafai kwa ugali ndiyo yanayopelekwa bandani. Kwa kuku wazazi sumukuvu huharibu ini, hupunguza utagaji na huua viinitete siku za mwanzo, bila kuku mwenyewe kuonekana mgonjwa. Hayo nayatupa.

Premiksi ndiyo sehemu ninayoilinda kuliko zote. Natafuta iliyoandikwa kuwa ni ya kuku wazazi, kwa sababu ya kuku wa mayai ya kula huwa na vitamini B2 na E kidogo zaidi. Isipopatikana natumia hiyo ya mayai na kuwapa vitamini za kwenye maji zenye B2 na E, siku 3 mfululizo kila wiki. Nusu kilo haienei ndani ya kilo 100 kwa kumwaga juu na kugeuza mara mbili. Naichanganya kwanza na kilo 2 za pumba kwenye beseni, nafikisha kilo 10, kisha ndipo naitawanya kwenye lundo na kuligeuza kwa chepe mara 5 au 6. Chumvi na zile asidi za amino zinapita njia hiyohiyo. Sichanganyi chakula cha zaidi ya wiki 2, kwani joto na hewa hula vitamini. Ukitumia pumba laini za mpunga badala ya za mahindi, ziwe zimetoka mashineni karibuni; mafuta yake huchacha upesi na kuiharibu vitamini E.

Sasa kalsiamu. Gamba hujengwa zaidi usiku, wakati kuku amelala na hali kitu. Chokaa ya unga aliyokula asubuhi imeshapita. Kwa hiyo saa 10 jioni naweka makombe (magamba ya viumbe wa majini) yaliyopondwa, chembe za milimita 2 hadi 4, gramu 3 au 4 kwa kila tetea. Chembe hizo hukaa kwenye firigisi na kuyeyuka polepole hadi alfajiri. Faida ya pili ni kwa jogoo. Yeye anahitaji kalsiamu kama asilimia 1 tu, na ikizidi kwa muda mrefu figo zake huumia. Makombe yakiwa kando, hagusi sana.

Jogoo namtundikia chombo chake juu, kiasi cha kumlazimisha anyooshe shingo na tetea asikifikie. Chakula chake ni mchanganyiko uleule, lakini dagaa na soya nimepunguza nusu, chokaa haizidi kilo 1, na pumba zinajaza pengo. Jogoo mnene hapandi vizuri na huwaumiza migongo matetea. Jogoo 1 kwa matetea 8 hadi 10 wanatosha.

Tetea nampa gramu 110 hadi 120 kwa siku, nusu yake asubuhi saa 12 na nusu, nusu nyingine jioni jua likipoa. Siwaachii chakula kutwa nzima. Kila wiki nashika kuku kadhaa na kupapasa kidari: mfupa ukichoma mkono, naongeza gramu 10, ukipotea ndani ya nyama na tumbo likawa na mafuta, napunguza. Maji ni mara mbili ya uzito wa chakula, na wakati wa joto kali hata mara tatu au zaidi, yawekwe kivulini. Kuku anayehema kwa joto hutaga yai lenye gamba jembamba hata kama makombe yapo.

Chakula hiki nakianza wiki 4 kabla ya yai la kwanza kuingia kwenye mashine ya kutotolesha. Kiini hukua kwa kasi katika siku 10 hivi za mwisho kabla ya yai kutagwa, na mbegu za jogoo nazo huchukua karibu wiki 2 kutengenezwa. Ukibadilisha chakula Jumatatu na kukusanya mayai Ijumaa, unatotolesha chakula cha zamani.

Kama chakula kimefaa au hakikufaa, yanayonijibu ni mayai yaliyogoma. Baada ya siku ya 21 nayapasua yote, kazi yenye harufu lakini hakuna mwalimu mwingine. Vifo vya siku ya 2 hadi 4, na vya siku ya 18 hadi 20, hutokea kwenye kila utotoleshaji. Vikizidi, kwanza natazama namna mayai yalivyohifadhiwa, joto, unyevu na ugeuzaji. Wiki ya katikati ni tofauti. Kwa kawaida vifo vyake ni vichache sana, kwa hiyo viinitete vikifa kwa wingi kati ya siku ya 9 na ya 14, chakula ndicho mshukiwa wangu wa kwanza. Ukikuta ni vidogo, vimevimba, na manyoya yamejikunja vifundo, huo ni upungufu wa B2. Upungufu huohuo huonekana kwa kifaranga aliyetoka akiwa na vidole vilivyokunjamana kwa ndani. Kiinitete kikifa mwishoni kikiwa na mdomo uliopinda kama wa kasuku na miguu mifupi, nashuku upungufu wa madini ya manganizi, wakati mwingine wa vitamini ya bayotini. Zote hizo zinakurudisha kwenye premiksi: imezeeka, imeunguzwa na jua dukani, au haikuchanganyika.

Yai linaloonekana tupu ndani ukilimulika kwa taa siku ya 7 linahitaji kupasuliwa pia kabla ya kumlaumu jogoo. Doa dogo jeupe lililokaza juu ya kiini ni yai lisilo na mbegu. Likiwa pana, lenye duara, au kuna utando wa damu, mbegu ilikuwepo na kiinitete kilikufa mapema.

Jambo jingine la kuangalia ni kuku wazazi kula chakula cha kuku wa nyama kilichobaki. Baadhi kina nikabazini, dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), nayo hufifisha rangi ya gamba la kahawia na kushusha utotoaji. Magamba yakianza kupauka ghafla kundi zima, nauliza kwanza nani alilisha na alichota gunia gani.

Kila trei naiandika tarehe ya kukusanya na namba ya mchanganyiko ulioliwa wiki 2 zilizotangulia, kwa penseli, maana wino hupenya kwenye gamba trei ikilowa.