Shokapu ya bei nafuu kwa njia za mawe za Mwanza

Kabla hujauliza bei ya shokapu ya mbele ya baiskeli, bana breki ya mbele, kandamiza usukani kwa uzito wa kifua chote, kisha uachie ghafla. Shokapu ikirudi juu kwa kishindo na gurudumu likataka kuruka, humo ndani mna springi tu. Ikipanda kwa kujizuia, kama mlango mzito unaojifunga wenyewe, kuna mafuta yanayoituliza springi.

Tofauti hiyo ndiyo unayoilipia. Kwenye mteremko wa Mabatini au Igogo jiwe hufuatwa na jiwe. Springi tupu huwa haijamaliza kurudi kutoka jiwe la kwanza, na la pili limeshafika. Mikono inarushwa na tairi inaacha kushika njia. Kama hela haifikii shokapu yenye mafuta, sisi tungeweka uma (miguu ya mbele inayoshika gurudumu) mgumu wa chuma, usio na springi, na tairi ya inchi 2.2 isiyojazwa upepo mpaka ikawa jiwe. Uma huo una kilo moja na kitu. Shokapu ya bei ya chini kabisa huzidi kilo mbili, na uzito huo utausukuma mwenyewe kila unapopanda Bugando.

Baiskeli nyingi za mtumba zenye sura ya milimani zinadanganya hapa. Baadhi ya zile za Japani huja na stika ya Kijapani kwenye fremu inayokataza kuziendesha kwenye njia mbovu. Huku hakuna anayeisoma.

Shokapu utakazokutana nazo sana ni za SR Suntour: XCT, XCM na XCR, kwa mpangilio huo kutoka ya chini kwenda juu. Soma herufi zinazofuata jina. NLO haina kufuli. MLO ina kufuli ya kimakenika, yaani kipande kinachozuia springi isishuke, bila mafuta. Ukisahau kuifungua ukagonga jiwe, kipande hicho kinaweza kuvunjika. HLO ina kufuli ya mafuta. LO-R ina kufuli pamoja na kitufe cha kurekebisha kasi ya kurudi, na hiyo ndiyo ya kutafuta. Ukipata XCR LO-R nzima, au RockShox Judy au Recon iliyotumika vizuri, inatosha kwa njia zetu zote.

Sasa vipimo, maana hapa ndipo watu hupoteza hela. Shingo, yaani lile bomba la uma linaloingia kwenye fremu, huwa na unene wa milimita 28.6 kwenye baiskeli nyingi za milimani. Baiskeli za zamani zina 25.4 na uzi wa nati. Shokapu ya kisasa haiingii humo, na fundi asikwambie atachonga. Nyingine mpya zina shingo iliyonenepa chini, 28.6 juu na karibu 40 chini, na hiyo haiingii kwenye fremu ya shingo iliyonyooka.

Urefu wa shingo nao. Chukua mfano: kichwa cha fremu, yaani bomba la mbele ambamo shingo hupita, milimita 130, vikombe vya gololi vinavyotokeza juu na chini 25, washa za kuinulia 10, stemu inayoshika usukani 40. Jumla 205. Toa 3 ili kifuniko cha juu kipate cha kubana: unahitaji shingo ya 202. Shokapu ya mtumba iliyokatwa ikabaki 175 haikufai hata ukipewa bure. Ndefu ni heri, inakatwa kwa msumeno.

Gurudumu la inchi 26, 27.5 au 29 lilingane na shokapu. Ekseli ya kawaida ni ya milimita 9 kwenye habu, yaani kitovu cha gurudumu, ya upana wa 100. Ile nene ya 15 inadai habu yake. Kama breki zako ni za kubana rimu, hakikisha shokapu ina vijiti vya kufungia breki hizo, kwa sababu nyingi za sasa ni za diski peke yake.

Halafu usichukue yenye mwendo mrefu, yaani inayoshuka sana, kwa tamaa. Kila milimita 20 zinazoongezeka mbele hulaza kichwa cha fremu kwa karibu nyuzi moja. Kwa fremu iliyozaliwa na uma mgumu wa zamani, shokapu ya milimita 100 inaweza kuinua mbele kwa sentimita 5 au 6, na mlimani gurudumu la mbele litayumba kama la mlevi. Tafuta ya 80.

Kwenye mtumba, pitisha ukucha polepole kwenye nguzo zinazong'aa, hasa juu kidogo ya sili (mpira unaozuia uchafu usiingie ndani) na upande wa nyuma ambako jicho halifiki. Ukucha ukikwama kwenye kishimo cha kutu, iache; kishimo hicho kitakata sili na kuingiza mchanga kila unaposhuka. Kisha weka kidole pale nguzo inapoingia kwenye mguu, bana breki, sukuma mbele na nyuma. Ukihisi mchezo pale, bushi, yaani pete za ndani zinazoshika nguzo, zimekwisha. Mchezo ukiwa juu, penye gololi, hiyo ni kazi ndogo ya kukaza.

Springi au upepo? Ya upepo ni nyepesi na unairekebisha kwa uzito wako, ila lazima uwe na pampu yake ndogo yenye geji. Usithubutu kwenda kwa mjaza upepo wa matairi: chumba cha shokapu ni kidogo mno, mpulizo mmoja wa kompresa unaweza kupasua sili. Huna pampu, chukua springi.

Ukishaifunga, zungushia nguzo kipande chembamba cha mpira wa tyubu, kishushe mpaka kwenye sili, kaa kwenye siti bila kuruka, kisha ushuke. Kwenye shokapu ya milimita 100, mpira uwe umesogea 20 hadi 25. Ukisogea chini ya 15, springi ni ngumu kwako. Kitufe cha juu cha kukazia springi kitasogeza kipimo kidogo, lakini springi ngumu itabaki ngumu.

Ziwa letu ni la maji baridi, halili chuma kama bahari ya Dar, lakini mchanga wa ufukweni unamaliza bushi. Usiogeshe baiskeli ziwani kwa kuizamisha. Futa nguzo kwa kitambaa kibichi. Na fundi akitaka kuosha sili kwa petroli au mafuta ya taa, mzuie: mpira unaweza kuvimba, na sili za saizi yako kuzipata mjini ni kazi.