Usivumishe

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nilipanga tuongee habari za shukrani, viazi vimetoka vizuri na Mungu ametutendea, ila naombeni mnivumilie, kuna jambo limenikaa kifuani toka Jumanne na siwezi kuliruka.

Jumanne jioni nimetoka zangu Mwanjelwa nikapitia kwa mama mmoja wa jumuiya yetu hapa Isyesye, Mbeya. Tumekaa jikoni tunaota moto, si mnaijua baridi ya huku, yeye anamenya viazi. Binti yake wa miaka 12 akaingia akasema mwalimu katangaza Alhamisi wanakuja watu wa afya kuchanja wasichana, ile chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi. Mama hata hakuinua kichwa, akasema siku hiyo hutaenda shule. Nikashangaa nikamuuliza, mwenzangu kwa nini? Akaniambia dada, si wewe ulituambia?

Akafuta mkono kwenye kitenge akachukua simu, akawa anapandisha meseji anapandisha mpaka akaipata, ya mwaka 2024. Voisi ya dakika nne, mwanaume anajiita daktari, anasema hiyo chanjo ni mpango wa siri wa kufunga vizazi vya mabinti zetu ili Waafrika tuishe. Na chini yake nimeandika mimi kwa mkono wangu, "Wazazi amkeni, sambazeni kabla hawajaifuta." Jina langu, na picha yangu nimevaa sare ya kwaya.

Wapendwa, ile voisi sikuisikiliza hata mpaka mwisho. Nilikuwa kwenye daladala, nikatuma kwenye magrupu matatu, nikashuka zangu. Na mimi ndiye niliyemuuguza shangazi yangu wa Tukuyu kwa ugonjwa huo huo, tumeenda naye mpaka hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wakati umeshasambaa mwilini, najua ile harufu, najua jinsi alivyokuwa anaomba feni iwashwe usiku kucha. Hiyo saratani inaletwa na kirusi, na chanjo inamkinga binti kabla hajakutana nacho, ndo maana wanachanja wasichana wa miaka 9 mpaka 14, siku hizi dozi moja tu, na hapa kwetu ilianza kutolewa nchi nzima 2018. Yote hayo ningeyajua kwa kumuuliza nesi yeyote. Sikuuliza, maana ile sauti ilinipa hofu na hofu ilifanana na kukesha kiroho.

Kutoka 23:1 inasema usivumishe habari za uongo. Haijasema usitunge! Sisi tunajiona salama kwa sababu hatujatunga, tunaandika pale juu "nimeipokea kama ilivyo" halafu tunanawa mikono kama Pilato. Mzee wa kanisa, mama mchungaji, mwalimu wa Sandeskuli, watu hawaamini ile voisi, wanakuamini wewe uliyeituma! Yule mama hamjui yule daktari wa uongo, ananijua mimi ninayemwombea. Mwaka 2016 kule Chamwino, Dodoma, watafiti walienda kuchukua sampuli za udongo, ukapita uvumi kwamba ni wanyonya damu, watu watatu wakauawa. Walioupitisha nao walikuwa wameupokea kama ulivyo.

Na siasa ni vilevile. Mimi na kaka yangu wa Mafinga hatujaongea toka uchaguzi, yeye ana chaneli zake mimi nina zangu, kila mmoja anatumiwa asubuhi kichwa kikubwa chekundu "SIRI IMEFICHUKA", tukikutana kwenye simu ni kurushiana. Sasa shukeni kwenye sura hiyohiyo mpaka mstari wa 4, ukimkuta ng'ombe wa adui yako au punda wake amepotea, mrudishie. Wa adui! Na huyu ni ndugu yangu wa tumbo moja. Nimempigia jana, nimeuliza habari za watoto tu, tumeishia hapo na inatosha kwa sasa.

Ila kubwa ni hili, ndugu zangu, ulipovumisha ndipo urudi kusema. Usiende kutubu chumbani kwako wakati uongo umeuacha sebuleni kwa watu. Nilimwambia yule mama palepale jikoni, nilikudanganya, sikujua lakini nilikudanganya, nisamehe. Alinyamaza muda mrefu, kiazi kiko mkononi. Akaniambia, sasa dada nikuamini siku ipi, ile au leo? Sikuwa na jibu. Nikamwomba tuongozane kesho yake kwa nesi wa zahanati, aulize mwenyewe bila mimi kuongea, akakubali, akauliza sana, mimi nimekaa nje kwenye benchi.

Alhamisi binti alienda shule. Yamebaki yale magrupu mawili, moja lina watu zaidi ya mia mbili, na nikimaliza hapa naenda kuwaandikia.